Kwa Sauda, Anayekwenda Kufundisha Gulioni

Kasulu, alasiri, kesho ndiyo safari yako

Mwanangu Sauda,

Barua huanza na salamu, na salamu huanza na kuuliza hali. Hali yako naijua. Uko uani, umekalia kigoda cha mama yako, unachambua mchicha huku mnabishana kuhusu mashuka, yeye akisema uongeze, wewe ukisema begi halifungi. Sauti zenu zinanifikia hapa dukani kwa mlango wa nyuma. Mlango wa mbele nimeufunga mapema na kutundika kile kibao cha kwamba nimekwenda kuswali, ingawa alasiri imeshaswaliwa. Mungu atanisamehe, maana sikutaka mtu aje kuniuliza bei ya kanga wakati naandika.

Utashangaa kwa nini nisikwambie tu kwa mdomo, au nisikutumie meseji kama baba wengine wa mwaka huu wa 2014. Meseji zangu unazijua: "sawa", "nimefika", basi. Na uso kwa uso unanijua zaidi. Nikianza jambo la moyoni, kabla sijafika katikati nimeshahamia kwenye bei ya sukari. Kwa hiyo nimechukua karatasi. Nitaitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako na nitakuomba usiifungue mpaka basi lipite Makere. Hapo utakuwa umeshamaliza kulia, kama utalia, na mimi nitakuwa nimesharudi dukani ambako hakuna wa kuniona.

Mambo ya chandarua, unga wa muhogo, dagaa na dawa ya kikohozi atakwambia mama yako, tena atakwambia mara tatu. Mimi nina jambo moja. Wiki mbili zilizopita, tulipokuwa tunamaliza kula, uliniomba radhi. Ulisema umeikataa nafasi ya kufundisha chuoni uliyopewa baada ya shahada yako ya uzamili, unakwenda Kumsenga na shirika dogo lililokuajiri kuanzisha madarasa ya watoto wadogo wa wanawake wanaouza magulioni, na hutaki kuondoka bila radhi zangu. Mama yako alikupa zake hapo hapo, mkono ukiwa bado na tonge. Mimi nilisema tutazungumza. Nikanawa, nikavaa makubazi, nikaenda barazani kunywa kahawa. Tangu siku ile hatujazungumza, na wewe kwa adabu yako hukuuliza tena. Lakini nimekuona unavyonitazama kila ninapoinua kikombe cha chai. Kwetu mtoto haondoki kwenda kuanza maisha bila radhi ya baba, hata awe na shahada mbili, na nilijua ukiondoka hivyo utaondoka na jiwe kifuani. Nilijua, na bado nikanyamaza.

Ili unielewe, itabidi nianze mbali.

Mimi nilipanda huku milimani kutoka Ujiji nikiwa kijana, nimebeba robota moja la vitambaa na koti la kuazima. Nilidhani nitakaa msimu mmoja wa maharage, niuze, nirudi ziwani. Baridi ya asubuhi ya Kasulu ilinikuta sina hata soksi. Nikazunguka magulioni, leo hapa, kesho Titye, wiki inayofuata Kasanda, juu ya malori yaliyobeba mihogo na mbuzi. Pale Titye nikamkuta msichana muuza maharage ambaye kila wiki alikuja kushika kitambaa kile kile cha bluu, akakipapasa, akakirudisha. Sikuelewa kama anapenda kitambaa au muuzaji. Mama yako mpaka leo anasema ni kitambaa.

Basi ndivyo ulivyozaliwa mtoto wa gulio. Ulijifunza kukaa ukiwa umeegemea robota, na meno ya kwanza uliyajaribia kwenye kona ya turubai. Wanawake wa pale walikuwa na utaratibu wao: kila gulio mmoja wao kwa zamu anaacha biashara yake, wenzake wanamuuzia, na yeye anakaa na watoto wote kivulini mwa lori mpaka watu watawanyike. Mimi niliutazama utaratibu ule nikaona ni ufukara tu. Siku moja mvua ilitukuta njiani juu ya lori, nikalivua turubai kwenye mali nikakufunika wewe na mama yako. Mali ikalowa yote. Nikaapa palepale, na maji yananichuruzika shingoni, kwamba huyu mtoto hatakulia gulioni. Nilipopata uwezo nikafungua duka hili, nikaweka kanga upande mmoja na sare za shule upande wa pili, na nikamwambia mama yako kwamba habari za malori zimekwisha.

Hadithi ya sikio unaijua, tunaicheka kila Idi. Niache leo niisimulie mpaka mwisho, kwa sababu kila mwaka huwa naikatiza pale inapochekesha.

Ulikuwa na miaka mitano. Shule ilipokea watoto wa miaka saba, na kwa kuwa wengi wetu hatukuwa na vyeti vya kuzaliwa, mwalimu alipima umri kwa sikio: mtoto apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa, akilishika sikio la kushoto amefika. Wako haukufika, ulikwama kwenye nywele. Kila jioni nikakusimamisha mbele ya kaunta, nikakufundisha kuinamisha kichwa kidogo na kupandisha bega, taratibu, mwalimu asigundue. Mama yako aliniambia mkono utakua wenyewe, nina haraka ya nini. Nikamjibu samaki mkunje angali mbichi. Kanga za "haraka haraka haina baraka" nimeuza mamia, Sauda, sijui nilikuwa namsomea nani. Siku ya kuandikishwa uliinamisha kichwa kwa ufundi mpaka mimi mwenyewe nikasahau kwamba ni hila. Sikio ukalishika. Nikawanunulia soda wote waliokuwa barazani.

Sare nikakuchagulia kutoka rafu yangu mwenyewe. Wateja wote niliwaambia wachukue ya kukulia, kwa kuwa mtoto anakua na nguo haikui, na yako nikaichagua ya kukulia miaka mitatu mbele. Mikono ya shati ilifunika vidole. Sketi mama yako aliikunja kiunoni akaibana kwa pini mbili. Ulipotoka pale mlangoni Mzee Rajabu, yule rafiki yangu mkubwa wa barazani, aliuliza kama hiyo sare imemeza mtoto au mtoto yuko njiani anakuja. Watu wakacheka, na kila Idi huwa tunaishia hapo.

Kilichofuata ni kwamba ulinyamaza. Mtoto uliyekuwa unaimba mpaka wateja wanakuomba upumzike, ulirudi kutoka shuleni ukapita kimya, ukaingia chini ya kaunta, ukawa unapanga vifungo vya mashati, vyeupe huku, vya bluu huku. Muhula mzima. Mwalimu alisema hujibu hata jina lako likiitwa. Niliwaambia watu kwamba binti yangu mtulivu, ana akili za ndani. Mama yako alisema huo si utulivu, ni woga, na kwamba wenzako wa miaka saba walikuwa wanakusukuma kwenye mstari na wewe huwezi kushika penseli kwa sababu ya mikono ya shati. Ulirudia darasa la kwanza. Nilivyoona aibu siku ile! Lakini ilikuwa aibu yangu mimi, ya kwamba nitawaambia nini watu niliowanunulia soda. Yako sikuiuliza.

Mama yako hakubishana na mimi. Alianza tu kwenda gulioni tena siku za Jumamosi, na akawa anakuchukua. Nilikasirika, nikamwambia tulishatoka huko. Jumamosi ya tatu alirudi akaniambia, "Leo mwanao kaongea mpaka sauti imekauka." Nilifurahi, nikaendelea kukunja kanga. Sikuuliza umeongea na nani. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba uliongea na watoto wadogo kuliko wewe, umewakalisha juu ya gunia, kila mmoja umempa gunzi la mahindi, na wewe ndiye mwalimu wao. Kwa hiyo unaposema kazi hii uliichagua chuoni, mimi naona ulichelewa kujua.

Na mimi nilichelewa zaidi. Ulipoanza kusomea elimu ya watoto wadogo, Mzee Rajabu aliniuliza barazani unasomea nini. Nikasema elimu. Akauliza elimu ya nini. Nikasema elimu ya juu. Akatikisa kichwa kwa heshima, na mimi nikanywa kahawa yangu kwa raha. Ulipokwenda kusoma shahada ya pili nikasema barazani kwamba sasa ni suala la muda tu, ni profesa huyo. Neno chekechea halikutoka kinywani mwangu hata siku moja. Likizo ulikuwa unakaa hapa dukani unanisomea tasnifu yako, unaigeuza kutoka Kiingereza, jinsi mtoto wa miaka minne anavyojifunza hesabu kwa kupanga mawe kabla hajajua kwamba ile ni hesabu, na mimi nilikuwa nasinzia. Si kwamba nilichoka. Nilikuwa nasubiri ufike mahali penye cheo.

Ndiyo maana ulipotaja Kumsenga nilisikia kama umechukua maisha yangu yote ukayarudisha juu ya lori. Nilijiuliza, nimemtoa gulioni kwa jasho gani, arudi gulioni na shahada mbili? Na nitasema nini barazani? Nakuandikia kama ilivyokuwa, mwanangu. Hilo la pili ndilo lililonifunga mdomo zaidi.

Sasa nikwambie jambo usilolijua. Alhamisi iliyopita nilikuaga kwamba nakwenda Kibondo kufuata mzigo. Mzigo haukuwepo. Nilichukua robota dogo la kanga ili nionekane nina safari, nikaenda Kumsenga.

Nilitaka kuona mahali penyewe, na ukitaka ukweli wote, nilitaka kuona ubaya wake, nije nikwambie kwa ushahidi. Nikatandaza turubai langu pembeni ya mama mmoja anayeuza maharage, Mama Daforoza, wazazi wake walikuja kutoka Burundi zamani. Tukasalimiana kwa Kiha, mwidiwe, mwidiwe, nikafungua robota. Ndipo nikaona kipande cha kanga kimefungwa kwenye mguu wa meza yake, na upande wa pili kimefungwa kwenye kifundo cha mguu wa mtoto wa kike wa miaka kama minne. Kilikuwa kirefu cha kumfikisha kwenye maharage na kifupi cha kutomfikisha barabarani. Alikuwa amekaa kimya, anachezea maharage yaliyomwagika.

Nadhani uso wangu ulisema kitu, kwa sababu mama yule alinijibu kabla sijafungua mdomo.

"Barabara ina malori, mzee," alisema. "Mkono mmoja unapima, mwingine unapokea pesa. Siku nitakapoota wa tatu, ego, ndiyo, nitamfungua."

Nikamuuliza kwani hapa hawapeani zamu ya kukaa na watoto. Akasema zamani walifanya hivyo, mama zao walifanya, lakini siku hizi wauzaji wanatoka mbali, hawajuani, na nani atamwachia mgeni biashara. Nikakumbuka kivuli cha lori, na nikakumbuka nilivyokidharau.

Basi nikaona nimsaidie mtoto. Nikachutama mbele yake, nikachukua maharage, nikamwambia kwa sauti yangu ya dukani, haya tuhesabu, moja, mbili, sema na wewe. Sauda, mtoto yule alinitazama, na uso wake ukafunga. Niliujua uso ule. Niliishi nao muhula mzima chini ya kaunta yangu na nikauita utulivu. Goti liliniuma lakini sikuweza kuinuka. Nikaketi kabisa kwenye vumbi, na nikafanya jambo ambalo mama yako atakwambia sijawahi kulifanya, nikanyamaza.

Watu walipita, wengine wakapapasa kanga, wakaondoka. Mtoto alirudia maharage yake, mekundu huku, ya njano huku. Baadaye, bila kuniangalia, akaanza kunieleza kwa Kiha. Kiha changu ni cha kununulia na kuuzia, lakini nilielewa. Hili jekundu kubwa ni mama. Hili dogo ni yeye, Jeni. Haya ni mbuzi. Halafu akachukua moja la njano, akanyoosha mkono akaliweka mbali kabisa, ukingoni mwa turubai, akasema huyu baba. Nikamuuliza kwa nini baba yuko kule peke yake. Akanijibu kama mtu anayejibu swali la kipuuzi kwamba baba anauza.

Sijui kama baba yake anauza au hana baba kabisa, sikumuuliza Mama Daforoza. Najua tu kwamba nilikaa pale mpaka gulio linaanza kutawanyika na sikuuza kanga hata moja. Mtoto alikuwa ameshanipa kazi ya kuchunga mbuzi, na kila nikikosea ananirekebisha, na sauti yake ilikuwa inapanda mpaka mama yake akageuka kutazama ni nani anaongea. Nilikuwa na furaha, mwanangu. Ni furaha ya ajabu kwa mzee wa umri wangu, mavumbi matupu, kanzu imeharibika. Na nikafikiri kwamba hii ndiyo ile tasnifu niliyokuwa nasinzia ukinisomea, na kwamba wewe umesoma miaka yote hii ili ufanye kwa makusudi, kwa watoto wengi, jambo hili ambalo mimi nimelifanya kwa bahati kwa mtoto mmoja.

Niliporudi mama yako aliuliza mzigo uko wapi na kwa nini nyuma ya kanzu ni nyekundu hivi. Nikasema njia ya Kibondo ina vumbi. Akaichukua kanzu akailoweka. Nadhani anajua, yule mwanamke hujua mambo yangu kabla yangu.

Kwa kuwa unakwenda kuishi na watu wa gulio, niseme machache ambayo nimeyalipia mimi, ili wewe upate bei nafuu. Wewe una moyo mzuri na ulimi mwepesi. Unakumbuka yule mama aliyemchapa mtoto wake kofi hapa dukani, nawe ukamweleza kwa upole, kwa maneno ya chuoni, madhara ya kofi kwa akili ya mtoto. Ulisema kweli tupu. Lakini yule mama alikuwa ametembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni, na aliondoka ameinamisha kichwa, na sijamwona tena. Kule Kumsenga usianze na kweli zako. Nunua maharage kwanza. Kaa chini, uliza bei, lalamika ni ghali, uchekwe. Mimi ilinichukua miaka kuelewa kwa nini mama yako anauza kuliko mimi, na sababu ni kwamba anauliza habari za mgonjwa kabla ya kutaja kitambaa, na jibu analisikiliza kweli.

Watakucheka. Kuna mtu hapa mjini ameshaniambia kwamba binti yangu amekuwa yaya mwenye digrii. Zamani ningemjibu kwa kutaja vyeo vyako vyote. Safari hii nilimuuliza watoto wake wanakaa na nani mchana. Tukaagana vizuri.

Na likikushinda, rudi. Hili naomba ulisome mara mbili. Miaka yangu ya kwanza hapa nilifilisika, na kwa aibu sikushuka Ujiji, nikawa natuma salamu kwamba mambo ni mazuri, nitakuja nikishasimama. Nilipokuja kusimama mama yangu alikuwa ameshazeeka sana, ananishika uso kwa vidole kunitambua. Ni safari ya siku moja tu, Sauda, na mimi niliifanya ya miaka kwa sababu ya mfuko mtupu. Wewe mfuko ukiwa mtupu ndiyo panda basi. Shirika lile dogo huenda likafunga, wanawake huenda wasikuamini, mvua huenda ikavunja madarasa yako. Nyumba hii haitakuuliza umeleta nini.

Jana nilikwenda barazani kumaliza kazi yangu. Mzee Rajabu alikuwepo na wale wengine wa kila siku. Nikasubiri kahawa imiminwe, nikawaambia kwamba Sauda haendi kuwa profesa. Nikasema anakwenda Kumsenga kufundisha watoto wa wauza maharage, wale ambao hawajafika hata darasa la kwanza, na kwamba hicho ndicho alichosomea tangu mwanzo, ila mimi nilikuwa nawaficha kwa kiburi changu. Nikalitaja na neno lenyewe, chekechea. Mzee Rajabu akaweka kikombe chini.

"Basi kahawa yote tuliyokunywa kwa jina la profesa," akasema, "itabidi tuinywe upya."

Wakacheka, nikacheka nao, na nilishangaa jinsi nilivyokuwa mwepesi. Halafu nikawaomba jambo. Kwa kuwa nilijisifu mbele yao, nikawaomba waje stendi kesho asubuhi nikupe radhi mbele yao hao hao, wasikie. Mzee Rajabu aliuliza avae nini. Nikamwambia avae kanzu.

Kwa hiyo unaposoma hapa, ukiwa umeshapita Makere, umeshajua kwa nini wazee wale walisimama stendi alfajiri na baridi ile, wamevaa kanzu siku isiyo ya Ijumaa, na kwa nini baba yako alikushika kichwa akasema kwa sauti mpaka kondakta akanyamaza. Natumaini nimesema vizuri. Natumaini sikuhamia kwenye bei ya sukari.

Lakini kuna maneno hayasemwi stendi, nayo ndiyo yaliyonifanya nifunge duka. Siku ile uliponiomba, ulisema, "Baba, nipe radhi hata kama nimekuvunja moyo." Nimeyabeba maneno hayo wiki mbili, na nimetafuta pote, radhi ya namna hiyo sina. Hujanivunja moyo. Hujawahi, hata ulipokuwa chini ya kaunta. Ungekuwa umenivunja moyo ningekusamehe, na kusamehe ningeweza, wewe ni mwanangu. Hapa hakuna cha kusamehe. Mimi baba yako ninaitaka kazi hii unayokwenda kuifanya. Ningekuwa kijana ningekwenda na wewe.

Radhi zangu unazo, duniani na akhera.

Baba yako